Mlango wa Pantoni Sikuufungua kwa Woga

Kuna watu Geita wanaonijua kwa nyumba yangu, maana wakati naijenga hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa ameezeka bati mpaka jikoni. Wengine wananijua kwa sababu nimewavusha ghuba miaka mingi na hakuna hata mmoja aliyelowa viatu. Lakini wapo watu wazima kule kwetu Shinyanga, vijiji vya upande wa Kolandoto, ambao kwa muda mrefu walinijua kwa jambo moja tu: kwamba mimi ndiye yule mwoga aliyeachia mlango wa pantoni kabla haijafika, akazamisha ng'ombe wa mjomba wake na kumharibia binamu yake mguu. Sifa hiyo nilipewa na mtu mmoja. Naandika habari zake kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa darasa la pili, na jina lake silitaji kwa sababu sitaki mtu amtafute kumpa pole.

Nimekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Baba alinitoa shule kwa kuwa mchungaji wake alikuwa ameoa na kuhama, na mimi sikulia. Nilipoota ndevu nilisikia kwamba Geita kuna mgodi wa Wazungu, nikafunga safari. Nilipofika nikakuta mgodi ule mkubwa umeshafungwa, mitambo imeota kutu na nyasi zimeingia mlangoni. Mtu mwingine angerudi kwao. Mimi nikarudi nyuma mpaka ziwani tu, penye pantoni, nikaanza kubeba mizigo ya watu gatini. Haikuchukua muda nikaingizwa kuwa baharia. Mchunga ng'ombe, asiyejua hata kuogelea, nikawa baharia. Wenzangu tuliotoka wote kijijini mpaka leo wanabeba mizigo.

Mtu asiyeijua pantoni anadhani ni mashua kubwa. Si mashua. Ni sahani ya chuma yenye injini. Haina tumbo la kushika maji wala kifua cha kukata mawimbi, inateleza juu juu tu. Sasa ipakie malori ya pamba, marobota yamepangwa mpaka juu na kufunikwa turubai. Ule mzigo unakuwa tanga ambalo hakuna mtu anayeweza kulishusha. Upepo wetu hutoka ziwani mchana jua likishapinda, unaingia ghubani kama umeitwa, na ukiikuta pantoni ubavuni unaisukuma upande upande hata kama omo, pua yake ya mbele, inaelekea unakotaka. Usukani unasema huku, upepo unasema kule, na abiria wanakula karanga.

Na ghuba lenyewe halikuwa tupu. Meli za visiwani zilikuwa zinaingia na kutoka, mashua za tanga zinakatiza mbele yako, mitumbwi ya wavuvi imesimama juu ya nyavu zao kama vile ziwa ni la baba yao. Unawapigia honi, wanakupungia mkono. Pantoni haina breki. Ukizima injini inaendelea kwenda, na ukirudisha nyuma kwa nguvu mkia unakimbia pembeni. Upande wa Geita pa kutia mlango palikuwa pembamba, mawe kulia na mawe kushoto. Nahodha wa pantoni kubwa akikuambia hajawahi kuogopa pale, huyo anadanganya au hajawahi kushika usukani.

Mlango ndio jambo lenyewe la habari hii, kwa hiyo nieleze. Pantoni hufunguka mbele kwa bamba la chuma lililoning'inia kwa minyororo miwili. Likishushwa ufukweni linakuwa daraja, malori yanatoka. Likiwa juu ndilo ukuta unaozuia ziwa lisiingie ndani. Linashikiliwa na pini. Ukichomoa pini mlango unaanguka, na hakuna binadamu anayeweza kuuinua tena bila winchi. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja, na kila baharia aliifundishwa kabla hajaonyeshwa hata pa kulala: pini haiguswi mpaka Nahodha aamuru. Na kwa kuwa injini ilikuwa inameza maneno yote, amri ilitolewa kwa mkono. Nahodha alitoa mkono wake nje ya dirisha la kibanda cha juu, akauinua, na yule wa kwenye pini akachomoa. Wakati huo watu wote huwa wanatazama mbele, ufukweni, wameshashika mizigo yao. Anayetazama nyuma, juu, dirishani, ni yule wa kwenye pini peke yake.

Wa kwenye pini nilikuwa mimi.

Nahodha wetu alikuwa mtu mrefu, kofia nyeupe, sauti ya kuamrisha. Akishuka gatini wauza chapati walikuwa wanamwekea bila kuuliza. Usukani aliujua, simnyimi. Lakini alikuwa na tabia moja aliyoipenda kama mtu anavyopenda sifa: alikuwa anaamuru mlango ushuke kabla hatujagusa. Tukiwa bado tunaelea, mkono unapanda, mlango unaanguka, na pantoni inaingia ufukweni mlango ukiburuza mchangani. Malori yanatoka mara moja, safari za siku zinaongezeka, wakubwa wanamsifu. Siku ya maji kutulia ilikuwa inapendeza kuitazama. Siku ya upepo ilikuwa ni kulifungulia ziwa mlango.

Sasa siku moja ya kiangazi akaja Mjomba. Huyu ni kaka wa mama yangu, tumbo moja. Alikuwa ametoka Shinyanga na ng'ombe wake akiwapeleka ng'ambo kuuza kwa watu wa pamba, yeye na mwanawe, binamu yangu wa rika langu. Mama alikuwa amemwambia: mwanangu yuko kwenye pantoni, atawaangalia. Mjomba aliponiona na kapelo yangu ya ubaharia alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwa Kisukuma kwamba sasa ukoo wetu una samaki.

Ng'ombe mimi nawajua kuliko ninavyowajua watu. Ng'ombe akipigwa na upepo wenye maji huupa mkia. Hageuki mmoja, wanageuka wote, halafu wanasogea wote upande mmoja kuukimbia. Porini haina neno. Kwenye sahani ya chuma juu ya maji, wakihama wote upande mmoja, na sahani inalala upande huo. Kwa hiyo nilitaka wafungwe wawili wawili, mmoja kichwa kulia na mwenzake kichwa kushoto, kamba za pembe kwenye vyuma vya ubavuni. Upepo ukija, huyu akisukuma huku mwenzake anasukuma kule, hakuna anayekwenda popote. Binamu alishaelewa, ameshatoa kamba.

Nahodha akatoa kichwa dirishani. "Wewe Msukuma, unafunga ng'ombe au unasuka mkeka? Waingize, tunachelewa."

Abiria wakacheka. Ng'ombe wakaingizwa kama walivyo, wakajazwa katikati ya malori, na binamu akasimama kati yao na lori la pamba akiwatuliza kwa mluzi.

Upepo ulitukuta tumeshavuka nusu. Kwanza maji yakabadilika rangi, halafu turubai zikaanza kupiga, halafu mawimbi yakaanza kuturushia maji juu ya ubavu. Ng'ombe wakageuka. Niliwaona wote wakigeuka kwa pamoja kama askari, wakaupa upepo mikia, wakaanza kusogea. Pantoni ikalala. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya akaziacha zikabingirika zikaenda ziwani. Nikatazama juu dirishani, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikijua mtu mwenye akili sasa atageuza omo kwenye upepo asubiri upite.

Mkono ukapanda.

Sikuota. Ulikuwa mkono wa kulia, shati la kaki limekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Ufukwe ulikuwa unaonekana, yeye alitaka ng'ombe waruke waogelee wenyewe pantoni inyooke. Nilisita mpaka akauinua mara ya pili kwa hasira. Nikachomoa pini. Mtu wa kwenye pini haulizi, ndiyo sheria.

Mlango ulianguka majini tukiwa tunakwenda, na pantoni ikachota ziwa kama kijiko. Ng'ombe wa mbele wakateleza wakatoka, wa nyuma wakapanda juu ya wenzao. Kabari zilizokuwa chini ya magurudumu zikaondoka na maji, lori la pamba likarudi nyuma kidogo tu, hatua ya mtoto, likamkuta binamu yangu na kumbana mguu kwenye chuma cha ubavuni. Tulipiga mchanga kwa bahati ya Mungu. Binadamu hakufa hata mmoja. Ng'ombe waliozama walikuwa wengi kuliko waliotoka.

Wakubwa wa kivuko walikuja wakasimama pale pale ufukweni, sote tumelowa, binamu amelazwa juu ya turubai anasaga meno. Wakamuuliza Nahodha. Akavua kofia yake, akaikung'uta maji taratibu, akasema kijana huyu aliona maji akaogopa, akachomoa pini mwenyewe.

Nikamwambia, "Uliinua mkono. Mara mbili."

"Mkono upi?" akasema. "Huu niliokuwa nimeushikia usukani?"

Wapo waliocheka. Nikawatazama abiria, nikawatazama mabaharia wenzangu, kila mmoja akaangalia chini. Hawakuwa waongo, hawakuona tu. Walikuwa wanatazama mbele. Halafu nikamtazama Mjomba, nikaona kwamba ameshaamini. Kwake mimi nilikuwa bado yule mtoto wa kuchunga aliyekuwa analia akivushwa mto mgongoni mwa ng'ombe. Kofia nyeupe ilikuwa imesema, na kapelo ilikuwa imekataa.

Niliachishwa kazi jioni ile ile. Hilo halikuniuma. Kazi zipo. Lililoniuma lilikuja baadaye, binamu alipohamishiwa hospitali ya Kolandoto kuwa karibu na nyumbani. Nilikwenda na kibuyu cha maziwa. Mjomba alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Akaniambia nirudi kwenye maji yangu, maziwa hayo nikawape samaki. Habari ilishafika vijijini kote, na kwa kuwa kwetu ng'ombe ni mtu, ilisimuliwa kama habari ya mtu aliyeua. Wazee walisitisha mazungumzo nilipokaribia. Posa niliyokuwa nimepeleka kwenye nyumba moja ikarudishwa.

Mama hakunisema. Alikuwa anatwanga, akaacha mchi, akaniuliza mara moja tu, polepole, "Mwanangu, uliogopa?"

Nikasema hapana, mayu, mkono ulipanda. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutwanga. Sikujua kama ameniamini, na sikuwa na namna ya kujua, kwa sababu aliyemwambia vingine ni kaka yake wa tumbo moja. Misimu michache baadaye akafariki. Alikwenda na swali lake.

Toka siku tuliyomzika nilikuwa nataka kitu kimoja hapa duniani. Sikutaka yule mtu afe, wala apigwe. Nilitaka aseme kwa mdomo wake, Mjomba akisikia, ni mkono wa nani uliopanda.

Nikarudi Geita. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuchimba wenyewe kwa sululu, na mimi nikaingia kwenye mashimo, maduara kama tunavyoyaita. Wengi waliingia wakitafuta utajiri. Mimi niliingia na hasira, na hasira inachimba vizuri, haichoki mapema. Dhahabu nilipata. Sitasema kiasi gani, ila wenzangu walioipata kama mimi waliinywa na kuiimba, wakarudi shimoni bila shati. Mimi niliijenga. Nyumba, lori, kisima cha kwangu mwenyewe. Nilioa mke ambaye baba yake hakuniuliza habari za ng'ombe waliozama, aliuliza habari za bati.

Halafu nikaacha yote mikononi mwa mke wangu nikarudi majini. Watu waliniona nimerukwa na akili. Mwenye nyumba ya bati anakwenda kuwa msaidizi kwenye boti za kuvushia wachimbaji, analala juu ya magunia ya dagaa. Niliwaacha waseme. Niliuangalia upepo mpaka nikaujua kama nilivyowajua ng'ombe, unapoanzia, unapopumzika, unavyojikunja ukikuta kilima. Nikashika usukani wa boti ndogo, nikashika wa boti kubwa, nikafanyiwa majaribio na watu wenye miwani, nikapita. Ilipoletwa pantoni mpya kubwa kwenye ghuba lile lile, nahodha wake mmojawapo nikawa mimi. Kusoma kwangu ni kwa kuburuza kidole, lakini mawe yale ya upande wa Geita sijawahi kuyagusa hata kwa rangi. Ulizeni.

Nahodha wa zamani alikuwa ameshastaafu. Nilimkuta gatini, bado na kofia nyeupe, sasa mfanyabiashara wa ng'ombe. Wachimbaji walikuwa wanataka nyama, naye kila ikikaribia siku ya mnada alivuka na ng'ombe wake. Nilimwamkia shikamoo, kwa sababu mama yangu alinilea. Akaitikia marahaba, akanitazama sana, halafu akajifanya hanikumbuki. Mimi pia nikajifanya simkumbuki. Nilifurahi kwamba ana afya.

Sikuwa na haraka. Nilihitaji vitu vitatu vikutane: yeye, upepo, na Mjomba. Yeye alikuwepo kila mara. Upepo haukosekani kiangazi. Mjomba naye alikuwa anavuka kila mwaka baada ya mavuno, kwa sababu binamu yangu, mguu wake ulivyokataa kuchunga, alijifunza cherehani, akafungua kibanda Geita. Baba yake alikuwa anakuja kumwona. Anavuka kwenye pantoni yangu, anakaa kule chini nyuma ya malori amejifunika shuka, hanisalimii. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri kumwona akikataa kunisalimia.

Siku vitu hivyo vitatu vilipokutana, Mjomba alifika gatini asubuhi, maji yametulia. Nikamwagiza karani wa gati amwambie nafasi imejaa, asubiri safari ya mchana. Haikuwa imejaa. Mchana yule mtu akaja na ng'ombe wake, kama kawaida yake. Nikawafunga ng'ombe wote wawili wawili, huyu kulia huyu kushoto. Akaja kulalamika kwamba tunamchelewesha. Baharia wangu akamwambia ndivyo Nahodha anavyotaka. Nilimwona akimeza hilo neno, Nahodha, kama mtu anayemeza mfupa wa sato.

Tulipotoka nikatuma vijana wawili kumleta Mjomba kibandani juu. Alikataa. Nikawaambia wakamwambie si mpwa wake anayemwita, ni nahodha, na kwenye pantoni nahodha akisema, hata mjomba wake anatii. Akapanda ngazi akinung'unika, akakaa nyuma yangu kwenye sanduku la kamba, shuka kichwani. Nilikuwa natazama maji mbele yanavyobadilika rangi.

Upepo ulikuja mkubwa kuliko nilivyoomba. Ng'ombe walitaka kugeuka, wakashindwa, kila mmoja akabaki akibishana na mwenzake, pantoni ikabaki imenyooka. Lakini chuma kilikuwa kimelowa. Wakaanza kuteleza, kupiga magoti, kukanyagana. Tulipokaribia mawe sikuingia. Nikageuza omo kwenye upepo, nikaishikilia pantoni hapo hapo, injini zinasukuma na upepo unasukuma, hatuendi mbele wala nyuma. Ndivyo inavyofanywa. Upepo wa namna ile hupita, ni wewe kuwa na moyo wa kuusubiri. Mashua mbili za tanga zilikuja kujificha nyuma yetu kama vifaranga.

Haikuchukua muda nikasikia viatu kwenye ngazi. Yule mtu akaingia, kofia mkononi, anahema.

"Nahodha, fungua mlango. Ng'ombe wangu wanavunjika miguu. Pale maji ni ya tumboni, wataruka wenyewe."

Sikugeuka. "Mlango wa pantoni unafunguliwa na nani, mzee?"

"Na wewe. Nahodha."

"Baharia hawezi kuchomoa pini mwenyewe? Akiona maji, akaogopa?"

"Hakuna baharia wa hivyo," akasema kwa haraka, macho yako kwa ng'ombe wake. "Hawezi kugusa bila amri. Bwana, fungua, nakuomba."

"Ulishawahi kuwa na wa hivyo. Msukuma mmoja."

Nilisikia mvua ya mawimbi ikipiga kioo. Chini ng'ombe mmoja alilia, sauti ile ya ng'ombe aliyekwama, na nikamsikia yule mtu akishusha pumzi.

"Hayo ni ya zamani," akasema.

"Upepo ni huu huu. Mkono ulipanda au haukupanda?"

"Ukinifungulia..."

"Sijasema nitakufungulia. Nimeuliza mkono."

Ng'ombe akalia tena, akageukia dirishani. "Ulipanda."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Umeshinda. Sasa fungua."

Ndipo shuka lililokuwa nyuma yangu likasogea. Mjomba alisimama taratibu akishika ukuta, maana pantoni ilikuwa inacheza. Yule mtu alikuwa hata hajamwona, alidhani ni mzigo.

Mjomba akasema, "Rudia, masikio yangu yamezeeka. Ulisema mkono wa nani?"

Yule mtu akamtazama Mjomba, akanitazama mimi, nikaona anavyomtambua. Rangi ilimtoka usoni. Alirudia, kwa sauti ndogo, neno kwa neno. Mjomba akamwambia asogee karibu arudie tena. Akarudia. Mjomba akaitikia kwa kichwa kila neno, kama mtu anayehesabu mifugo inayoingia zizini, akakaa tena kwenye sanduku la kamba akajifunika uso.

Nikamwambia yule mtu ashuke kwa ng'ombe wake, mlango hautafunguliwa mpaka tuguse mchanga. Wapo watakaosema nilichezea ng'ombe wa watu na roho za watu ili nipate maneno. Waseme. Hata angekaa kimya nisingeingia kwenye mawe yale kabla upepo haujapungua, na hata angesema yote nisingeshusha mlango tunaelea. Nilikuwa nausubiri upepo. Ila yeye hakulijua hilo, na sikumwambia.

Upepo ukachoka, kama ulivyo desturi yake. Nikaingia katikati ya mawe, tukagusa, nikatoa mkono dirishani nikauinua juu sana, polepole, ili kila aliyetaka kuuona auone. Ng'ombe walitoka wote. Mmoja alikuwa anachechemea.

Gatini yule mtu akanifuata, akanipa mkono. Akasema yalikuwa mambo ya kazi, alikuwa na watoto wadogo, angefukuzwa. Sikuupokea ule mkono. Ulibaki hewani mpaka akaurudisha mwenyewe mfukoni. Mjomba alikuwa amesimama na mimi, fimbo yake mkononi, macho mekundu. Akaniambia kwa Kisukuma, mwanangu, ameshasema, mwachie. Alikuwa hajaniita mwanangu toka nilipokuwa kijana. Siku ile ile alikwenda kwenye kibanda cha cherehani akamweleza binamu yangu, na kiangazi hicho hicho akazunguka mwenyewe kijiji kwa kijiji upande wa Kolandoto, nyumba zote alikonipaka matope, akayafuta. Nasikia kwenye msiba mmoja alisimama mbele ya watu akasema. Kwa mzee wa ng'ombe kama yeye, kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko kubeba gunia, na mimi na yeye tulikula sahani moja mpaka alipokufa.

Lakini kumwachia yule mtu, nilimwambia Mjomba siku ile gatini, hapana. Nikamwambia, wewe umesikia, binamu atasikia, kijiji kitasikia. Mama hakusikia. Yeye ndiye aliyeniuliza, na yule mtu alikuwepo hapa gatini wakati wote mama akiwa hai, anakula chapati. Mjomba alitazama maji. Hakunisihi tena.

Toka siku hiyo nikaweka utaratibu kwamba ng'ombe wa mtu yule wanapakiwa mwisho, baada ya malori, baada ya magari madogo, baada ya baiskeli na kuku. Nafasi ikibaki, karibu. Nafasi haikuwa inabaki. Alikwenda kwa wakubwa kulalamika, wakaniita, nikawaambia ng'ombe kwenye upepo ni hatari, nimeshaona mwenyewe pantoni ikilala, wamuulize yeye atawaeleza. Yule mtu akachukua kofia yake akatoka. Akaanza kuswaga ng'ombe wake kwa nchi kavu, kuzunguka ghuba lote, kupita Kahama na Ushirombo, anaibukia Runzewe na kukata mpaka huku kwetu. Safari ya vumbi na mbung'o, ng'ombe wanafika mifupa mitupu, mnada umeshapita.

Nilimkuta Katoro msimu mmoja, nimepeleka lori langu kushusha mahindi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, ng'ombe wake wamelala wamechoka hata kula hawali, kofia yake imekuwa rangi ya udongo. Nilisimamisha lori, nikashuka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikanunua nyama choma ya kwangu pale ng'ambo ya barabara, nikaila nikiwa nimesimama, bila haraka, nikanawa mikono, nikaondoka. Chakula cha siku ile kilinishuka vizuri.